Joto la Beringi na Mamlaka ya Mfanyakazi: Somo Kutoka Geita

Historia ya mgodi wa Geita huelezwa mara nyingi kwa hesabu ya dhahabu: imechimbwa kiasi gani, na nani kaichukua. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Lazima tuulize pia ni nani aliyeijua mitambo, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuisimamisha. Swali hilo hudhihirika katika jambo linaloonekana dogo: joto la beringi.

Kila mtambo unaozunguka kwa kasi, uwe feni ya kupeleka hewa shimoni, pampu au kompresa, huegemea beringi. Zipo mota za umeme zinazozunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Oili ikipungua au ikichafuka, msuguano huongezeka, joto hupanda, metali laini ya beringi huyeyuka, na shafti hukwama. Feni ya shimoni ikisimama, wanaokosa hewa ni wafanyakazi, si wenye hisa.

Mgodi wa kikoloni wa Geita ulianza mwaka 1936 na ukafungwa mwaka 1966. Enzi hizo, katika viwanda vingi duniani, kipimajoto cha kwanza kilikuwa kiganja cha mwendesha mtambo. Kiganja hakivumilii nyuzi 60 za sentigredi kwa zaidi ya sekunde chache. Aliyegusa beringi akauondoa mkono haraka alijua kuna hatari. Hayo yalikuwa maarifa. Ukoloni haukuyaita hivyo: uhandisi ulikuwa wa Mzungu, na Mwafrika alilipwa ujira wa kibarua.

Hata hivyo, tusikitukuze kiganja kupita kiasi. Kiganja hugusa ganda la nje, na hatari huanzia ndani. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck alionyesha kwamba mzunguko wa metali mbili tofauti, ukipashwa joto kwenye kiungo kimoja, hutikisa sindano ya dira. Huo ndio msingi wa themokapo. Mwaka 1883 huko Uingereza, Beauchamp Tower alitoboa tundu kwenye beringi, akaliziba, na oili ikakisukuma kizibo nje. Ikajulikana kwamba shafti huelea juu ya utando wa oili wenye shinikizo kubwa. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaueleza kwa hesabu. Ndiyo maana leo kipima joto hufukiwa ndani ya metali ya beringi, upande unaobeba mzigo, karibu na utando huo. Joto likifika kiwango kilichowekwa, kengele hulia; likizidi, mtambo hujizima.

Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, katika zama za vipimo vya namna hiyo. Lakini katika wilaya hiyo hiyo, wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu husaga mawe kwa makarasha, ambako mkono na sikio bado vina kazi. Zama mbili zinaishi pamoja.

Tunajifunza nini? Kwanza, kipimo si maarifa. Beringi iliyozoea nyuzi 70 yaweza kuwa nzima, na iliyopanda kutoka 50 hadi 65 kwa wiki moja, kwa mzigo ule ule, yaweza kuwa mgonjwa. Anayetambua tofauti hiyo ni mtu aliyefundishwa, mwenye kumbukumbu za mtambo wake. Pili, maarifa bila mamlaka hayamwokoi mtu. Kengele inayozimwa ili uzalishaji usikatike ni bubu. Tatu, hisa peke yake si umiliki kamili. Sheria ya mwaka 2017 iliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Lakini taifa lenye hisa na lisilo na mafundi litaendelea kuusikiliza mtambo wake kwa masikio ya wengine.

Basi tunapodai haki ya dhahabu yetu, tudai pia haki ya kuujua mtambo unaoisaga, na haki ya mfanyakazi kuusimamisha kabla haujaua.