Nyumba Huanzia Shimoni: Bajeti ya Mjenzi wa Kwanza Gatuanyaga

Gatuanyaga ni mojawapo ya wadi 5 za eneobunge la Mji wa Thika, Kaunti ya Kiambu. Iko mashariki ya mji, upande wa barabara iendayo Garissa. Tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, mashamba ya huku yamekuwa yakikatwa ploti na kununuliwa na watu wanaojenga kwa mara ya kwanza maishani. Wengi wao hawajengi kwa mkopo wa nyumba wa benki. Kufikia mwisho wa 2023, Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya aina hiyo takriban 30,000 tu. Wanajenga kwa akiba, kwa chama, na kwa sacco ambayo kwa kawaida hukopesha mwanachama mara 3 ya alichoweka. Pesa huja kwa vipande, kwa hiyo nyumba nayo hupanda kwa vipande. Bajeti yao haina budi kujibu maswali mawili: nyumba itagharimu kiasi gani, na kila kipande cha pesa kitaifikisha wapi pasipo kuharibu kilichokwisha kujengwa.

Hesabu huanzia kwenye karatasi za ardhi. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kama thumuni ya ekari, ingawa thumuni kamili ni futi za mraba 5,445 na ploti hiyo ina 5,000. Juu ya bei ya muuzaji kuna ada ya wakili, ya kupekua sajili ya ardhi, na ya mpimaji wa kuonyesha mawe ya mipaka yalipo. Kuna pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Ardhi ambayo bado ni ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe sahihi. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hatimiliki. Mtu asimwage hata lori moja la mchanga kwenye ardhi ambayo jina lake halijaandikwa.

Gharama inayowavunja wengi, hata hivyo, haionekani kwenye karatasi yoyote. Iko chini ya nyasi. Sehemu kubwa ya ardhi kati ya Ruiru, Juja na mashariki ya Thika ina udongo mweusi wa pamba, ule unaong'ang'ania viatu msimu wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Udongo huu una madini ya mfinyanzi yanayovimba yakilowa na kunywea yakikauka. Nyumba iliyoketi juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, upande mmoja zaidi ya mwingine, hadi kuta zinapasuka kuanzia pembe za madirisha. Dawa ya kawaida ni kuuondoa wote mpaka kwenye changarawe ngumu au mwamba, kisha kujaza mawe na kushindilia.

Chukua nyumba ndogo ya vyumba 3 vya kulala, mita 10 kwa 10. Udongo mweusi ukiwa na kina cha mita 1, utachimbwa mita za ujazo 100. Udongo uliochimbuliwa hufura, kwa hiyo utakaobebwa ni kama 130. Kwa lori la kubeba mita za ujazo 10, hizo ni safari 13 za kutoa, na karibu idadi hiyohiyo za kuleta mawe ya kujazia: lori zaidi ya 20 kabla ya ukuta kuanza. Kina kikiwa nusu mita, gharama hiyo hupungua kwa nusu. Kikipita mita 2, mhandisi wa miundo huenda akapendekeza nguzo na mihimili badala ya kuchimba eneo lote. Ploti mbili zinazopakana zinaweza kuuzwa bei moja na zikatofautiana kwa fedha nyingi mno hapa chini. Ndiyo maana shimo la majaribio, la kuchimbwa na vibarua wawili kwa siku moja, ndilo matumizi yenye faida kuliko yote katika mradi mzima. Lichimbwe kabla ya kununua, muuzaji akikubali. Akikataa, hiyo nayo ni habari.

Baada ya shimo ndipo michoro hufuata, kwa sababu mchoro wa msingi unategemea kilichoonekana humo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 hudai kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili. Mradi wenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kisha mkadiriaji majenzi hutoa BQ, orodha ya vifaa na kazi, kila kimoja na kiasi chake. Wajenzi wengi huiruka ili kuokoa ada, wakategemea bei ya jumla iliyosemwa na fundi akiwa amesimama uwanjani. Naliona hili kuwa kosa kubwa, maana bei hubadilika kila mwezi ilhali kiasi hakibadiliki, na mwenye kiasi anaweza kupiga hesabu upya wakati wowote.

Baadhi ya kiasi hicho mtu anaweza kukipata mwenyewe. Slabu ya mita za mraba 100, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 10 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na nusu hivi ya saruji, jumla kama 65. Mawe ya Ndarugu, yanayokatwa kwa mashine upande wa Juja, huuzwa kwa futi. Kuta za nje zenye mzunguko wa mita 40, pamoja na za ndani mita 35, zikipandishwa kozi 12 za inchi 9, ni mita 900, karibu futi 2,950. Toa sehemu moja ya sita kwa milango na madirisha, zibaki kama 2,450, mbali na kuta za msingi. Paa nalo huwa kubwa kuliko nyumba. Ukitokeza sentimita 60 kila upande na kulilaza kwa nyuzi 25, mabati yatafunika karibu mita za mraba 138, kabla ya kuhesabu yanayolaliana. Wakati wa kuyanunua, geji 28 ni nene kuliko 30, ingawa wageni wa hadiwea hudhani kinyume.

Mawe na mabati yanaweza kununuliwa polepole na kusubiri. Saruji haisubiri. Ikikaa zaidi ya miezi 3 hivi hupoteza nguvu, hasa ikigusa sakafu yenye unyevu. Maji pia yaandikwe kwenye bajeti. Zege huhitaji kulowanishwa angalau siku 7, na pasipofikiwa na mfereji, kila bauza hulipiwa.

Kalenda nayo ina bei. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi Oktoba hadi Desemba, na wakati huo lori hukwama kwenye udongo mweusi huku shimo la msingi likigeuka bwawa. Kuchimba mwezi Januari au Julai huokoa pesa.

Fundi wa leba, ambaye mwenye nyumba humnunulia vifaa, alipwe kwa hatua iliyokamilika: msingi, slabu, kuta hadi linta, paa. Akiba ya dharura naipendekeza iwe asilimia 15 hadi msingi utoke ardhini, kisha 10.

Vituo salama vya kusimama pesa zikikatika ni viwili. Cha kwanza ni slabu iliyokomaa. Cha pili ni paa lililofunikwa, ambapo familia inaweza hata kuhamia vyumba viwili na kuendelea. Kusimama kati yavyo huacha kuta zikinyeshewa na vyuma vya linta vikishika kutu. Rangi, dari, vigae na kabati vinaweza kungoja miaka. Paipu za nyaya za umeme na mabomba ya maji haziwezi, kwa kuwa hupita ukutani kabla ya plasta. Tangi la maji taka nalo lipangwe kwenye mchoro wa kwanza, maana udongo mweusi haunyonyi maji: shimo la kunyonya lililoishia ndani yake litajaa msimu wa kwanza wa mvua.