Mshipi Ueleao na Ncha Izamayo

Msomaji, ukienda pwani yetu utamwona mvuvi wa mshipi akifunga chubwi karibu na ndoana yake. Chubwi ni kipande kidogo cha risasi, nacho kina kazi mbili: huupeleka mshipi mbali unaporushwa, na huipeleka ndoana chini waliko samaki. Jambo hili ni jepesi, hata mtoto hulifahamu. Lakini kuna uvuvi wa namna nyingine, ulioanza ng'ambo katika mito ya maji baridi, ambao umewatatiza watu karne nyingi kwa ajili ya jambo hilo hilo. Huo ni uvuvi wa inzi. Natuifuate historia ya mshipi wake, kwa maana historia si habari za wafalme na vita peke yake. Chombo kidogo nacho kina habari zake.

Katika uvuvi huu ndoana huvikwa nyuzi na manyoya hata ifanane na mdudu. Samaki atafutwaye hasa ni trauti, apendaye maji safi yenye baridi. Hata kwetu Kenya amefika: mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Scotland, naye akapandikizwa katika mto Gura, ushukao kutoka milima ya Nyandarua. Kabla ya hapo mito hiyo haikumjua.

Sasa fikiri. Inzi huyo wa bandia hana uzito zaidi ya unyoya, na hapana mtu awezaye kurusha unyoya hatua ishirini. Kwa hiyo wavuvi waligeuza desturi: badala ya uzito kuuvuta mshipi, mshipi wenyewe ukawa ndio uzito, nao ukamchukua inzi. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mshipi ukizama, ni vigumu kuunyanyua ili urushwe tena. Ukielea, inzi hubaki juu, na samaki wako chini. Mvuvi alitaka mambo mawili yapinganayo.

Wa kale hawakuliona tatizo hilo, kwa kuwa hawakurusha mbali. Yapata mwaka 200 baada ya Kristo, mwandishi wa Roma aitwaye Aelian alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifunga manyoya ya jogoo. Ufito wao ulikuwa wa futi sita, na mshipi wao vivyo hivyo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1496, kilipigwa chapa Uingereza kitabu kilichofundisha kusokota mshipi kwa singa za mkia wa farasi. Kilipanga hata hesabu ya singa: moja kwa samaki mdogo kabisa, tisa kwa trauti, kumi na mbili kwa trauti mkubwa, na kumi na tano kwa samoni.

Katika karne ya 19 hariri ilishika mahali pa singa. Mshipi wa hariri iliyosukwa na kutiwa mafuta ulikuwa mzito na laini, ukaruka mbali kuliko ule wa kwanza. Lakini hariri ni nzito kidogo kuliko maji. Mvuvi aliyetaka ielee alilazimika kuipaka mafuta tena na tena, na jioni kuitandaza ikauke, isije ikaoza. Asipoipaka, ilizama polepole. Basi mshipi ule ule ulielea asubuhi, na kufika alasiri umeanza kuzama, apende bwana wake asipende.

Juu ya jambo hili watu walishindana kwa maneno makali. Mwaka 1886 Mwingereza Frederic Halford alitoa kitabu juu ya inzi waeleao, na wafuasi wake wakashikilia kwamba katika mito myangavu ya kusini mwa Uingereza haifai kuvua kwa njia nyingine ila inzi akiwa juu ya maji. Mwaka 1910 G. E. M. Skues alijibu kwa kitabu chake. Alikuwa amechunguza matumbo ya trauti, akaona kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ni wadudu wachanga, walioliwa chini ya maji kabla hawajaota mbawa. Mabishano hayo yaliendelea hata mwaka 1938, yalipojadiliwa rasmi katika chama cha wavuvi wa inzi huko London. Angalia, msomaji: upande mmoja ulishika desturi, na upande wa pili ulifungua tumbo la samaki ukatazama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili maarifa ya viwanda yaliingia. Nailoni ilikuwa imetangazwa Marekani mwaka 1938. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Scientific Anglers, iliyoanzishwa mwaka 1945 katika mji wa Midland, Michigan, na nyingine za nchi hiyo zilianza kufunika uzi uliosukwa kwa ngozi ya plastiki. Ndani ya plastiki hiyo yalikuja kutiwa mapovu madogo ya kioo yenye hewa, mshipi ukawa mwepesi kuliko maji. Sasa uliweza kuelea kutwa bila kupakwa mafuta. Haja ya vizazi vingi ilikuwa imetimizwa.

Lakini haja moja ikitimizwa, ya pili hujitokeza. Mshipi uliokataa kuzama haukuweza kumfikisha inzi kwenye kina. Viwanda vikatengeneza mshipi mwingine, uliotiwa unga wa madini mazito, uzamao wote. Huu nao ukaleta taabu ya zamani: mvuvi hakuuona, wala hakuweza kuunyanyua upesi. Ndipo watu walipounganisha vyote viwili: mshipi ueleao, na mwisho wake ncha fupi izamayo. Sehemu ndefu hukaa juu, huonekana na hunyanyuka. Ncha peke yake huteremka na inzi wake.

Ncha hiyo huwa ya futi tano, kumi au kumi na tano, na huungwa kwa kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi. Kazi hii yataka hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wa Marekani walipatana kuupima mshipi kwa uzito wa futi zake 30 za mwanzo; mshipi wa namba 6, kwa mfano, ni kama gramu 10. Ufito hufanywa kuuchukua uzito huo. Mtu akiongeza ncha nzito bila kufikiri, ufito huelemewa na mshipi hujikunja vibaya hewani. Uzi mwembamba ulio kati ya ncha na inzi nao sharti uwe mfupi, futi tatu au nne, ama sivyo inzi hupanda juu na ncha huzama bure. Kisha ni subira: ncha izamayo inchi 6 kila sekunde hufika kina cha futi 6 kwa sekunde 12, ikiwa maji yametulia, ile ya inchi 3 hutaka sekunde 24.

Habari hii ingekuwa tamu mpaka mwisho, lau si risasi. Katika mito ya Uingereza wavuvi wa kila namna walitumia vipande vidogo vya risasi, na vingi vikapotea majini. Huko huishi batamaji, ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu. Ndege hawa humeza changarawe ili firigisi zao zisage chakula. Wakameza na risasi. Risasi iliposagwa iliingia katika damu, na batamaji wengi katika mto Thames walikufa kwa sumu. Mwaka 1987 serikali ilikataza kuuza vipande hivyo, kuanzia gramu 0.06 hata gramu 28.35, na baada ya hapo batamaji waliongezeka tena. Watengenezaji wa ncha nao walipata madini mengine, tangusteni, ambayo ni mazito mara 19 kuliko maji, hali risasi ni mara 11 tu. Hivyo ncha iliweza kuwa nyembamba zaidi na ikazama upesi zaidi.

Basi, msomaji kijana, usidhani kwamba kila jambo jipya hulifukuza la kale. Mshipi ueleao haukutupwa ulipoonekana pungufu, uliongezewa kilichopungua. Wala usidhani kwamba faida ya chombo hujulikana kwa yule akishikaye peke yake. Mvuvi alirudi nyumbani na samaki, na gharama ililipwa na ndege asiyejua kuvua. Utakapokuwa mhandisi, mkulima au mwenye kiwanda, uliza kwanza chombo chako chaondoa taabu gani. Kisha tazama chini ya maji, uone ni nani aliyeachiwa mabaki yake.