Daftari la Mafuta

Daftari lenyewe ni la shule, lenye jalada la kijani lililokatika pembe, na linanuka petroli mpaka leo. Juu ya jalada baba aliandika kwa kalamu ya bluu: "Haba na haba." Hakumalizia. Ndani alipiga mistari kwa rula akapata safu nne: tarehe, safari, lita, mzigo. Ingizo la kwanza ni la Machi 1976. Nililikuta chini ya kiti cha dereva, limefungwa kwa mpira wa tyubu, wiki chache baada ya kumzika na kukabidhiwa pikapu yake.

Pikapu hiyo ni Peugeot 404, injini ya lita 1.6, ya petroli. Umbo la 404 lilichorwa na Pininfarina wa Italia na gari likaingia sokoni mwaka 1960. Huku kwetu lilijipatia jina kwenye mbio za East African Safari, ambako lilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Kwa wanaume wa umri wa baba, gari lililoweza kuvuka tope na vumbi la mbio zile halikuhitaji tangazo jingine.

Mimi nililipokea likiwa limechoka. Safari ya kwanza niliyopima, kutoka Iringa hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 500, lilikunywa lita 71. Hiyo ni kilomita saba kwa lita, na bila mzigo. Nikajiwekea nadhiri: likifika kilomita kumi kwa lita nitabaki nalo, lisipofika nitaliuza. Ndipo nikafungua daftari. Mwaka 1980, safari ile ile, akiwa amepakia viazi, baba aliandika lita 46.

Nilidhani amekosea hesabu. Nikapekua kurasa. Lita 46, lita 47, lita 46 tena. Nilitaka kujua alifanyaje.

Hamu ya kukamua petroli ni ya zamani karibu kama gari lenyewe. Katika miaka ya 1930 Mkanada aitwaye Charles Nelson Pogue alipata hataza za kabureta ambayo ilidaiwa kulipeleka gari maili 200 kwa galoni moja. Kabureta hiyo haikuwahi kuthibitishwa, lakini hadithi yake haijafa. Hata leo utamsikia mtu kijiweni akisema kampuni za mafuta ziliificha. Mwaka 1939, huko Wood River, jimbo la Illinois, wanasayansi wa Shell walishindana wao kwa wao nani atakwenda mbali zaidi kwa galoni moja. Mshindi alifika karibu maili 50, yaani kama kilomita 21 kwa lita. Mashindano yakawa desturi, na mwaka 1973 gari aina ya Opel la mwaka 1959, lililokarabatiwa mpaka likawa kitu kingine kabisa, lilipita maili 370 kwa galoni. Lilitembea polepole mno, na hakuna ambaye angelipakia viazi.

Mwaka huo huo wa 1973 mchezo ukageuka kuwa shida. Baada ya vita vya Oktoba huko Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, na bei ya pipa ikaruka kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 ilipofika Januari 1974. Marekani ilishusha mwendo wa barabara zake kuu hadi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88. Sababu ilikuwa ya kifizikia tu: upinzani wa upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari linalotoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa hukutana na upepo wenye nguvu zaidi kwa asilimia 56. Wajanja nao wakajitokeza wakiuza sumaku, vidonge na vibomba vya kufunga kwenye kabureta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekwisha kupima vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100. Vilivyosaidia ni vichache sana, tena kwa kiasi kidogo.

Tanzania haikuwa na nafasi ya michezo wala ya sumaku. Tulikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER, Kigamboni, tangu 1966, lakini mafuta ghafi yote yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera, na kabla havijaisha vizuri mapinduzi ya Iran yakaisukuma bei ya pipa mpaka ikapita dola 30. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilikaa imefungwa kwa miaka. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na mama anakumbuka harusi moja ambayo bwana harusi aliondoka kanisani mbio, si kwa furaha bali kwa kuangalia saa.

Huo ndio ulimwengu wa lita 46. Kila lita aliyoiokoa baba ilikuwa lita ambayo hakuipangia foleni.

Nilipeleka pikapu kwa fundi mmoja wa Iringa mjini, mzee aliyezifungua 404 tangu zikiwa mpya. Aliizunguka, akainusa sailensa, akasema, "Hii haili mafuta, mwanangu. Inayamwaga."

Akanieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Petroli inahitaji hewa mara kumi na nne na kitu ya uzito wake ili iungue vizuri. Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar. Kabureta haijui hilo. Iliyosetiwa pwani itatoa petroli ile ile huku juu, hewa haitoshi, na ziada inatoka kama moshi mweusi. Kwa hiyo mafundi wa nyanda za juu walizoea kufunga jeti ndogo. Lakini gari lenye jeti ndogo likishuka pwani na mzigo, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka na kugonga. "Ndiyo maana baba yako alikuwa na jeti za aina mbili," fundi akasema. "Alikuwa anabadilisha Morogoro."

Hilo halikuwa kwenye daftari. Nilimwona baba kwa mara ya kwanza akiwa kijana, ameinama chini ya boneti pembeni mwa barabara, ana bisibisi mkononi na kijichuma kidogo kuliko ukucha.

Tulifanya kazi siku tatu. Tulisafisha kabureta, tukabadilisha plagi na pointi, tukaweka taimingi sawa. Breki za nyuma zilikuwa zinashika hata zisipokanyagwa, kwa hiyo injini ilikuwa inasukuma gari na kupambana na breki kwa pamoja. Matairi yalikuwa na upepo nusu. Kwenye bodi tukashusha karibu kilo mia za vyuma ambavyo baba aliona siku moja vitafaa. Nilitaka pia kuondoa mlango wa nyuma wa bodi upepo upite. Fundi akacheka. Hewa iliyofungiwa ndani ya bodi hujizungusha kama mto wa upepo, na ile inayotoka juu ya kabini huteleza juu yake. Ukifungua mlango unauvunja mto huo. Waliopima kwa vyombo walikuta vivyo hivyo: mara nyingi mlango uliofungwa ni bora, au hauna hasara.

Nikashuka Dar tena kwa mwendo wa kilomita 75, mguu mwepesi. Lita 52. Kilomita 9.6 kwa lita.

Nilifurahi, kisha nikakasirika. Baba alikuwa na mzigo na bado alinishinda kwa lita sita. Nikarudi kwenye daftari, na safari hii nikaona nilichokuwa nimekiruka. Juni 1981 maandishi yanakatika. Ukurasa mzima mtupu. Yanaanza tena Novemba, kwa mwandiko ule ule, safari ile ile ya Dar: lita 49. Halirudi tena 46 mpaka ukurasa wa mwisho, mwaka 1988.

Nilimfuata baba mdogo. Anaishi Ilula, analima nyanya, na tangu nizaliwe nimemjua akitembea kwa fimbo, goti la kulia halikunji. Nyumbani tuliambiwa ni "ajali" na tukakua bila kuuliza zaidi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwekea daftari mapajani. Alilipapasa jalada kwanza.

"Lita tatu," nikasema. "Kuanzia Novemba anatumia lita tatu zaidi. Kwa nini?"

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Kitonga."

Anayeijua barabara ya Iringa kwenda Morogoro anaujua mlima Kitonga: mteremko mkali wenye kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye miteremko yote ya njia ile, baba alikuwa akiweka gia huru, "fri" kama wasemavyo madereva, na pale alipoamini breki zake alizima injini kabisa. Hakuwa mjinga. Kwenye gari la kabureta, injini inayovutwa na magurudumu huendelea kunyonya petroli kidogo. Ikizimwa hainyonyi kitu. Magari ya leo yenye sindano za kompyuta hukata mafuta yenyewe ukishuka na gia, kwa hiyo anayeweka fri leo anapoteza badala ya kuokoa. Lakini mwaka 1981 hesabu ya baba ilikuwa sahihi. Lita tatu zilikuwa za kweli.

Kilichokosekana kwenye hesabu ni kwamba breki za gari lile husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Ukizima injini, unakanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa jiwe. Na bila gia kulizuia gari, kazi yote inabaki kwa breki, ambazo zikipata moto hazishiki tena.

Baba mdogo alikuwa na miaka 19, amekaa juu ya magunia kumi ya viazi, anakwenda Dar kuanza kazi bandarini. Alisikia injini ikinyamaza, kama kawaida. Kisha akasikia kaka yake akipiga kelele. Baba alichagua ukuta wa mlima badala ya bonde. Baba mdogo alirushwa, na magunia mawili yakamwangukia mguuni.

"Hakuniomba msamaha kwa mdomo," alisema. "Hata mara moja. Lakini gari lilipotengenezwa alinifuata hapa, akaniweka kiti cha mbele, tukashuka Kitonga kwa gia ya pili mpaka Ruaha Mbuyuni. Injini inanguruma njia nzima. Tulipofika chini akanigeukia akaniuliza, 'Umesikia?' Nikamwambia nimesikia."

Alinirudishia daftari. "Miaka ile tulifundishwa kubana," akasema. "Hatukufundishwa pa kuishia."

Nilikuwa nimekwenda pale nikitafuta siri ya lita 46 ili nibaki na gari la baba. Kumbe tangu Novemba 1981 baba mwenyewe alikuwa ameitupa siri hiyo, katika miaka ambayo petroli ilikuwa adimu kuliko sukari, akaandika 49 kila safari bila kuongeza neno.

Mwezi uliopita nilikwenda Dar tena. Baba mdogo alikuwa na miadi hospitalini, akakaa mbele, fimbo kati ya magoti. Juu ya Kitonga niliingiza gia ya pili na injini ikaanza kunguruma. Alifumba macho, lakini hakuwa amelala. Tulipofika Kariakoo nilijaza tangi, nikapiga hesabu, nikaandika chini ya ingizo la mwisho la 1988: tarehe, safari, lita 53. Kwenye safu ya mzigo nikaandika "Baba mdogo."

Kilomita kumi kwa lita sikuzifikisha. Gari sijaliuza.