Nani Atailinda Gesi Iliyozikwa?

Historia ya sheria za kuzika hewa ya ukaa chini ya ardhi yaanzia Norway, nayo yaanza na kodi. Mwaka 1991 serikali ya nchi hiyo ilianza kuyatoza makampuni ya mafuta na gesi kodi juu ya hewa ya ukaa waliyoiachia angani kutoka baharini. Wakati huo kampuni ya Statoil ilikuwa ikitayarisha kuchimba gesi mahali paitwapo Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini. Gesi ya huko ilichanganyika na hewa ya ukaa kiasi cha asilimia 9 hivi, hali wanunuzi walitaka isizidi asilimia 2.5. Ilibidi itenganishwe. Kuiachia angani kungelipiwa kodi kila mwaka; basi wakaamua kuirudisha chini. Tangu 1996 waliisukuma ndani ya tabaka la mawe ya mchanga yaliyojaa maji ya chumvi, karibu mita 1000 chini ya bahari, kwa kadiri ya tani milioni moja kwa mwaka. Si huruma iliyowaongoza, bali hesabu. Na hesabu hiyo iliwekwa na sheria.

Lakini sheria nyingine ilisimama njiani. Mkataba wa London wa 1972 ulikusudia kuzuia utupaji wa takataka baharini, na itifaki yake ya 1996 ilizidi kukaza: ilikataza kila kitu isipokuwa vile vilivyotajwa kwa jina. Hewa ya ukaa haikutajwa. Je, kuiweka chini ya sakafu ya bahari ni kuitupa? Mwaka 2006 nchi wanachama zilirekebisha itifaki ili kuiruhusu. Likabaki katazo la kupeleka taka katika nchi nyingine ili zitupwe baharini. Mwaka 2009 zilikubaliana kulilegeza kwa ajili ya hewa ya ukaa, ila theluthi mbili ya wanachama walipaswa kuridhia, nao hawakutimia. Ndipo mwaka 2019 zikaruhusu rekebisho litumike kwa muda kati ya nchi zilizo tayari.

Kwa nini tahadhari hiyo yote? Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa sana. Karibu na Goma watu huijua mazuku, hewa ya ukaa itokayo ardhini, isiyoonekana, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hutuama mabondeni na kuua wanyama na watu. Huko Kamerun, mwaka 1986, ziwa Nyos lilitoa ghafula hewa hiyo hiyo, wakafa watu wapatao 1700 usiku mmoja. Mawe ya Sleipner si ziwa, na hatari zake si sawa. Hata hivyo, anayeizika gesi ya namna hiyo anaweka amana itakayodumu kuliko maisha yake, na labda kuliko kampuni yake.

Hapo ndipo Umoja wa Ulaya ulipotia mkazo katika sheria yake ya Aprili 2009. Mwenye mradi hupewa kibali baada ya mahali kuchunguzwa. Huweka dhamana ya fedha tangu mwanzo. Akiisha kufunga kisima, huendelea kuwajibika kwa muda usiopungua miaka 20, isipokuwa serikali imeridhika mapema kwamba gesi imetulia. Baadaye mzigo huhamia kwa serikali, naye huacha fedha za kutosha kulipia angalau miaka 30 ya kuangalia mahali pale. Ikionekana kwamba alificha habari au alizembea, serikali yaweza kumdai gharama.

Matukio mawili yaonyesha kwamba maandishi hayatoshi. Huko Barendrecht, Uholanzi, kampuni ya Shell ilitaka kuizika gesi chini ya mji. Wakazi walipinga kwa nguvu, na mwaka 2010 serikali iliufuta mradi. Huko In Salah, katika jangwa la Algeria, karibu tani milioni 4 zilizikwa tangu 2004. Setilaiti zikaonyesha ardhi imeinuka kidogo, ukazuka wasiwasi juu ya mwamba unaofunika gesi, na mwaka 2011 kazi ikasimamishwa. Kule raia walisema. Huku vipimo vilisema. Pande zote mbili kulikuwa na aliyesikiliza.

Ndugu vijana, mkiletewa mradi wowote unaogusa chini ya ardhi yenu, msiulize tu utaleta kazi ngapi. Ulizeni ni nani atakayeulinda wakati wajukuu wenu watakapokuwa wazee, na fedha za ulinzi huo zimewekwa wapi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Je, ni haki serikali, yaani raia wote, kuupokea mzigo ambao faida yake ilikwenda kwa kampuni?
2. Katika mtaa wetu, ni nani mwenye neno la mwisho juu ya kile kilicho chini ya mashamba yetu?