Kwa nini chokaa hutokota ikikutana na maji? Fahamu joto linavyoingia na kutoka

Hakuna jiko wala moto, lakini pipa linatokota na kutoa mvuke. Mafundi wanaozima chokaa wameshaizoea hali hii. Sasa hilo joto limetoka wapi? Jibu linaanzia kwenye tanuri.

Joto linaingia

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe, na ndiyo iliyojenga nyumba za kale za Mji Mkongwe Zanzibar na Lamu. Mawe yakifika takriban nyuzi joto 900 za Selsiasi, kaboni dioksidi inatoka na kubaki oksidi ya kalsiamu. Kazi hii inakula joto mwanzo hadi mwisho; moto ukizimika, nayo inasimama. Huo ni mmenyuko wa endothemiki, yaani unaofyonza joto.

Joto linatoka

Oksidi hiyo ikikutana na maji, inageuka hidroksidi ya kalsiamu na kurudisha sehemu ya nishati iliyoingia tanurini. Kilo 1 tu inatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji. Huo ni mmenyuko wa eksothemiki, yaani unaotoa joto.

Nishati iliyobaki hutoka polepole ukutani, chokaa inapofyonza tena kaboni dioksidi na kugeuka kuwa jiwe. Kwa hiyo joto halikupotea, lilihifadhiwa tu.

Siri iko kwenye vifungo

Kuvunja vifungo vya kemikali kunahitaji nishati, kuunda vipya kunatoa nishati. Kinachotolewa kikizidi kilichotumika, utahisi joto. Kikipungua, mmenyuko unavuta joto kutoka kwenye mazingira yake.

Chukua tahadhari

- Tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa, itaruka.
- Vaa miwani ya kazi na glavu, na watoto wakae mbali.
- Usiiweke penye unyevu karibu na mbao au magunia. Joto lake linaweza kuwasha moto.
- Ikikumwagikia mwilini ikiwa kavu, ipanguse kwanza, kisha osha kwa maji mengi.
- Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka, angalau dakika 20, halafu wahi hospitali. Mbali na joto, chokaa yenyewe inaunguza, na inaweza kukupofusha.