Rureke, Mtunzi wa Watoto wa Walikale

Jina la Bisie limefika mbali kwa sababu ya bati. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji walimiminika kwenye mlima huo ulio ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, wapagazi wakashuka na magunia ya kasiterite, madini ya bati, kwa miguu hadi Njingala, na tangu 2019 mgodi mkubwa wa kampuni unatoa bati hiyohiyo kwa mashine. Kwa hiyo mtu akiuliza watoto wa huko walikua na vitabu gani, na nani aliyevitunga, hujibiwa upesi kwamba havikuwapo: palikuwa na msitu, madini na vita, na vitabu vililetwa na wamisionari vikiwa vimetungwa kwingine. Jibu hilo halisimami. Katika wilaya hiyohiyo ya Walikale, mwaka 1956, mtunzi mmoja alitoa kazi ambayo leo inafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani, na shujaa wake ni mtoto mchanga. Mtunzi huyo ni Shekarisi Candi Rureke wa kijiji cha Bese. Historia ya vitabu vya utoto vya upande huu wa Kivu ianze naye.

Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, alifanya kazi miongoni mwa Wanyanga, kabila la Rureke, katika miaka hiyo ya 1950, walipokuwa watu wapatao 27,000. Alikuwa amesikia vipande vya kisa cha Mwindo, shujaa huyo mtoto, kutoka kwa wengi, lakini wachache tu waliweza kukitoa chote tangu mwanzo hadi mwisho. Rureke aliweza. Kwa siku 12 aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, kibuyu cha kayamba mkononi, huku vijana wakimpigia mdundo kwa vijiti na hadhira ikiitikia na kumtunza; waandishi walikuwa pembeni wakinakili neno kwa neno. Mwaka 1969 kazi hiyo ilichapwa na University of California Press, maandishi ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa mikono ya Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga msomi wa lugha. Kisa chenyewe ni hiki: Shemwindo, mwami (mtawala) wa Tubondo, anawaambia wake zake saba kwamba hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, kupitia kidole cha kati cha mama yake, anatembea na kusema papo hapo, usinga mkononi. Baba anamrushia mikuki, anamzika hai, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inampeleka kwa Iyangura, shangazi yake. Mwindo anarudi, anamfuata baba aliyekimbilia kuzimu, anamrudisha nyumbani na kugawana naye utawala. Baadaye anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, na kwa kosa hilo anapandishwa mbinguni, anateseka kwa baridi na jua, na kurudishwa duniani akiwa amekatazwa kuua wanyama. Mwami aliyejifunza kuacha kujisifu: ndiyo sehemu ninayoiona kuwa kuu, kwa kuwa ushindi wote wa mwanzo unapimwa upya na adhabu hiyo.

Watakuwapo wa kusema kwamba huu ni utenzi wa wazee, unaohusu utawala na mizimu, na kwamba kuuita kitabu cha watoto ni kuulazimisha. Lakini ngano chache sana zilianza kama mali ya watoto. Mkusanyo wa ndugu Grimm ulipotoka Ujerumani mwaka 1812 ulibeba maelezo ya kitaalamu, na wasomaji wengine walilalamika kwamba haukuwafaa watoto, lakini watoto wakauchukua. Mwindo ana yote ambayo mtoto huyatafuta katika hadithi: mdogo anayewashinda wakubwa, safari ya chini ya ardhi, chombo kinachomtii, shangazi anayempokea. Ukali wa baba yake haumzidi mama wa kambo wa Snow White. Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani, Aaron Shepard, alikisimulia upya kisa hicho katika kitabu cha watoto kiitwacho The Magic Flyswatter. Watoto wanaosoma Kiingereza basi wamekwisha kukipokea.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umiliki. Hadithi ya kabila, wanasema, ni ya wote, na aliyeisimulia ni mdomo tu. Ushahidi unakataa. Mwaka 1978 Biebuyck alichapa, katika kitabu Hero and Chief, matoleo mengine ya Mwindo kutoka kwa wasimulizi wengine wa Kinyanga, nayo yanatofautiana na la Rureke katika mpangilio, matukio na hata tabia ya shujaa. Kila fundi alirithi visa vilevile na kila mmoja akajenga nyumba yake. Rureke alijiingiza mwenyewe ndani ya wimbo, akitaja mambo yake na kuwasemesha waliomzunguka, jambo ambalo mdomo mtupu haufanyi. Tena Waswahili hawana desturi ya kumnyima mtu utunzi kwa kuwa alirithi kisa. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, imejengwa juu ya kisa kilichomo katika Alfu Lela Ulela, na hakuna anayedai kwamba Shaaban hakuitunga. Hata ndugu Grimm walimheshimu Dorothea Viehmann, aliyewapa ngano nyingi, kwa kuweka picha yake katika chapa ya 1819. Biebuyck, kwa sifa yake, alimtaja Rureke waziwazi. Wengi waliokinukuu kitabu baadaye wanataja majina ya wahariri na kuliacha la mtunzi.

Linabaki swali la nani anasoma. Kitabu cha 1969 kilimfikia msomaji wa Kiingereza kwa urahisi kuliko mtoto wa Njingala. Mateene aliuona upungufu wa aina hii; baadaye, akiongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, alitetea kwa miaka mingi lugha za Afrika shuleni. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa kufundishia. Maandishi ya Kinyanga yamekwisha kunakiliwa na kuchapwa, na kazi iliyo ngumu kuliko zote ilimalizika Bese mwaka 1956. Kinachohitajika ni Mwindo wa Kiswahili wa kusomwa darasani Walikale na Masisi, wenye Kinyanga chake ukurasa wa mkabala, na jina la Rureke juu ya jalada, mahali pa mtunzi.