Atiman wa Karema: Juhudi na Mlango

Mjini Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, iko hospitali ya Kanisa Katoliki iitwayo kwa jina la Dk. Atiman. Jina hilo si la Kifipa wala si la pwani. Mwenye jina alizaliwa mnamo mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, upande wa pili wa Afrika.

Wahenga walinena: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wakanena pia: Juhudi si pato. Msomaji huzioni methali hizi zikipingana. Maisha ya Adrian Atiman yanazishuhudia zote mbili.

Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri Weupe, walioitwa hivyo kwa kanzu zao, walimnunua, wakamwacha huru, wakamsomesha Algeria. Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wakasomee utabibu. Alihitimu mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa. Ngome ya Karema ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawakabidhi mapadri mwaka 1885. Hapo Atiman alioa, akatibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukaondoka, ukaja wa Waingereza, naye yu palepale na wagonjwa wake.

Nani atamnyima sifa ya juhudi? Lakini tusisite hapo. Katika misafara ile ya watumwa walikuwamo watoto wengi. Hakuna ajuaye ni wangapi kati yao walikuwa na akili kama yake, au kuipita. Wao hawakununuliwa na mtu mwenye shule. Juhudi ilikuwa ya Atiman; mlango ulikuwa wa mwingine.

Na mlango wenyewe ulikuwa na kimo. Lavigerie alitaka Waafrika hao wawe matabibu na makatekista, wasaidizi wa misheni. Uongozi wa misheni ulibaki kwa Wazungu. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na kipimo chake. Makerere, nchini Uganda, ilianza kufundisha utabibu katika miaka ya 1920, lakini Waafrika waliohitimu huko waliajiriwa kwa cheo cha msaidizi, chini ya daktari wa Kizungu na kwa mshahara mdogo kuliko wake. Uingereza haikuutambua udaktari wa Makerere hadi mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya Atiman kuzikwa. Mgonjwa hakuuliza rangi ya mkono uliomfunga jeraha. Aliyeuliza ni mwenye kalamu ya mishahara.

Hata hivyo, mtu aliyeingia kwa kuinama aweza kuwainulia wengine kizingiti. Mwanawe, Joseph, alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1958 Charles Msakila, Mwafrika, akawa askofu wa Karema, jimbo ambalo tangu mwaka 1969 linaitwa Sumbawanga. Karema yenyewe sasa imo katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe, nayo yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wapo wanaopenda hadithi kama hiyo kwa sababu huwapa neno jepesi la kuwaambia vijana: jitahidi, utafika. Neno hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili huwahusu walioshika funguo. Kijana wa Ufipa aliyeshuka uwandani kwenda kufanya kibarua mbali na kwao hakukosa juhudi. Jembe lake lilikuwa shahidi. Alichokosa ni mtu wa kumfungulia.

Kwa hiyo tumsifu Atiman, na tusiitumie sifa yake kuwalaumu waliobaki nje.